Droni Kubwa au Droni Ndogo: Askari wa Miguu Ajiandae kwa Ipi Kwanza?

Ofisa wa jeshi letu la Uganda anayeandaa platuni ya kwenda Somalia, au ya kuvuka mpaka pale Bwera kuingia Kongo, siku hizi ana maadui wawili wa angani na mfuko mmoja wa fedha. Wa kwanza ni ndege kubwa isiyo na rubani, mfano wa Bayraktar TB2 ya Uturuki au CH-4 ya China, inayoruka kilomita kadhaa juu na kukaa huko kwa saa nyingi. Wa pili ni droni ndogo ya propela nne, inayoingia kwenye begi la mgongoni, ambayo hudondosha bomu la mkono au hujibamiza yenyewe kwa mtu. Zote huitwa droni, na kwenye mazungumzo yetu, iwe kambini au kwenye vibanda vya chai pale Bombo, watu huzichanganya kana kwamba dawa yake ni moja. Sivyo. Mengi yanayomkinga askari dhidi ya ile ndogo hayafui dafu mbele ya ile kubwa, na hata hofu zinazoletwa nazo hazifanani.

Naandika kwa ajili ya yule anayelazimika kuchagua, kwa sababu wiki za mafunzo ni chache na vijana wanaoondoka ni watoto wa watu. Msimamo wangu nautoa mapema: anza na droni ndogo, na katika kinga zake anza na zile zinazompa askari kitu cha kufanya kwa mikono yake mwenyewe. Nitaeleza sababu, na nitaonyesha mahali ambapo msimamo huo hauna budi kugeuzwa.

Nani anayelengwa

TB2 hubeba mabomu ya kuongozwa, na lile linalojulikana zaidi, MAM-L, lina uzito wa kilo 22. Ndege yenyewe ni mamilioni ya dola. Kwa hiyo anayeirusha hutafuta shabaha inayolingana na gharama: kifaru, mzinga, lori la risasi, makao ya kamanda, au kundi la watu. Katika vita vya Nagorno-Karabakh vya 2020, vilivyodumu siku 44, askari wengi wa Armenia walijikinga kwenye mahandaki ya mtindo wa zamani, marefu na yasiyo na paa. Ukiyatazama kutoka ardhini yalikuwa ngome. Ukiyatazama kutoka juu yalikuwa mistari iliyochorwa wazi, na watu wamepangika ndani yake.

Droni ndogo imeivunja hesabu hiyo. Ile inayoitwa FPV, ambayo mwongozaji wake huvaa miwani ya video na kuona kama aliyekaa ndani yake, ilikuwa ikitengenezwa Ukraine kwa takriban dola 400 hadi 500, na mwendo wake unapita kilomita 100 kwa saa. Kwa bei hiyo mtu mmoja peke yake ni shabaha tosha. Anaweza kuwa kuruta aliyetoka kuteka maji, au mpishi. Dalili za mambo haya zilionekana mapema, Mosul, mwaka 2016 na 2017, pale ISIS walipochukua droni za dukani, zile za kupigia picha za harusi, wakazifunga vibomu na kuvidondosha juu ya askari wa Iraki. Kilichobadilika tangu hapo ni wingi, usahihi na kasi.

Hapa ndipo tofauti ya mbinu inapoanzia. Dhidi ya droni kubwa, amri ni moja: msikusanyike, msionekane. Platuni iliyotawanyika vizuri chini ya miti huenda isistahili bomu. Dhidi ya ndogo, kutawanyika hakutoshi, kwa kuwa kila aliyetawanyika anaweza kufuatwa peke yake, mpaka mlangoni mwa shimo lake.

Hofu mbili zisizofanana

Waliotumikia Mogadishu tangu kikosi chetu kilipoingia Machi 2007 wanaijua hofu ya bomu la kombora, lile tunaloliita mota. Lina taratibu zake. Unasikia mlipuko wa kurushwa, unalala chini, unasubiri. Linaangukia palipoangukia, maana aliyelirusha hakuoni. Akili ya mtu huweza kuishi na bahati nasibu. Askari hujiambia halikuwa langu, hupangusa vumbi na kuendelea na chai yake. Hata hivyo, vita vya kwanza vya dunia vilionyesha kwamba mizinga ikipiga muda mrefu wa kutosha huvunja watu ambao hawana jeraha lolote la mwili.

Droni inaondoa bahati nasibu. Imekuchagua wewe.

Droni kubwa huitenda akili polepole. Haionekani, na mara nyingi haisikiki mpaka bomu limefika. Matokeo yake ni kwamba anga tupu inageuka kuwa tishio, na kila mkusanyiko unageuka kuwa kosa. Fikiria kambi yetu ya kawaida saa saba mchana: sufuria za posho na maharage zimeshuka motoni, watu arobaini kwenye foleni na sahani zao, moshi bado unapanda. Kwa kamera ya joto iliyoko kilomita tano juu, hiyo ndiyo picha safi kuliko zote za siku. Askari akishaelewa hivyo, anaanza kuogopa chakula cha pamoja, gwaride la asubuhi, hata sala ya Jumapili na ya Ijumaa. Vitu vinavyokifanya kikosi kuwa kikosi vinaondoka kimoja kimoja, na adui hajarusha hata risasi.

Kuna jambo la pili: mtu anaanza kujiuliza wakubwa wako wapi. Bunduki yake haifiki juu. Anaona kwamba hakuna yeyote wa upande wake anayeweza kuigusa ile ndege, na imani yake kwa jeshi inaliwa kutoka ndani. Azerbaijan walilijua hili vizuri. Video za mashambulizi yao ya 2020 zilirushwa mtandaoni, na zilionyeshwa kwenye skrini kubwa za mitaani Baku. Mfano wa zamani zaidi ni wa 1991, kisiwa cha Faylaka, Kuwait. Askari wa Iraki walijitokeza wakipunga vitambaa vyeupe mbele ya droni ya Marekani aina ya Pioneer, ambayo haikuwa na silaha yoyote. Ilikuwa na kamera tu. Lakini walikwisha kujifunza kwamba ikipita, mizinga ya manowari inafuata.

Droni ndogo inauma kwa namna nyingine, na kwa maoni yangu inauma zaidi, kwa sababu ya ukaribu. Mtu anaisikia. Anajua kuna binadamu mwenzake nyuma ya ile kamera, anayemwangalia usoni. Video nyingi kutoka Ukraine zinaonyesha askari akiinua mikono kuiomba, akiitupia bunduki iliyoisha risasi, akizunguka mti nayo ikizunguka. Mei 2023, karibu na Bakhmut, askari mmoja wa Urusi alijisalimisha kwa droni kwa ishara za mikono, akaifuata hadi upande wa Ukraine. Mtu aliyefikishwa hapo hayuko tena katika mapigano ya kawaida.

Tuseme una askari wawili kwenye shimo, na maji yako mita sitini nyuma yao. Zamani hilo halikuwa jambo. Sasa yule wa zamu anatoa sikio kwanza, anasubiri, anahesabu sauti: jenereta ya kijijini, pikipiki barabarani, upepo kwenye majani ya migomba. Anatoka, anasimama nusu ya njia kwa kuwa amesikia kitu, anarudi. Jua limepanda, maji hayajaja. Mwenzake hajalala kwa sababu alikuwa akisikiliza naye. Kwenda haja kunakuwa mradi wa usiku. Wiki moja ya maisha hayo inatosha kumfanya askari mzuri kuwa mzito wa kuamua na mwepesi wa hasira. Utafiti wa usingizi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa na wepesi wa akili na mikono sawa na aliyelewa kwa kiwango cha 0.05% cha pombe kwenye damu. Hakuna ofisa anayeweza kumweka lindoni mtu aliyelewa, lakini asiyelala tunamweka kila siku.

Na majeruhi. Hapa ndipo ninapoona uzito mkubwa kuliko wote. Machela inahitaji watu wanne, na watu wanne wanaotembea polepole mahali pa wazi ni zawadi kwa mwenye droni. Kwa hiyo majeruhi anasubiri giza, au ukungu, au mvua. Mkanda uliofungwa mguuni kuzuia damu, ambao ulipaswa kukaa muda mfupi mpaka daktari amfikie, unakaa saa nyingi, na mguu ambao ungeweza kuokolewa unakatwa. Wenzake wanamsikia akiita. Askari hupigana kwa sababu anaamini akianguka atachukuliwa. Droni ndogo inaishambulia imani hiyo moja kwa moja. Kubwa haifanyi hivyo kwa kiasi hicho.

Kinga, moja kando ya nyingine

Kujificha na paa. Hii ndiyo kinga pekee inayofaa kwa zote mbili, na haihitaji dola. Mahandaki mafupi yenye kona, paa la magogo na udongo mzito, mlango uliopindishwa ili droni isiingie moja kwa moja, jiko lililozikwa, chakula kinachopelekwa kwa seksheni, yaani kikundi kidogo ndani ya platuni, badala ya seksheni kwenda kwenye chakula. Njia za miguu zinazoingia kambini ziwe zaidi ya moja, maana kijia kimoja kilichokanyagwa sana kinaonekana kutoka juu kama mshale. Udhaifu wake ni jasho: kuchimba kunachosha, na kikosi kinachohama mara kwa mara hukata tamaa ya kuchimba. Tena kutawanyika kuna gharama ya moyo ambayo vitabu vya mbinu huipita haraka. Mtu aliyewekwa peke yake shimoni huharibika upesi. Mimi ningeweka sheria kwamba hakuna shimo la mtu mmoja, wawili au watatu, na sauti ya shimo la jirani iwafikie.

Nyavu. Dhidi ya droni kubwa ni bure. Dhidi ya FPV zimeokoa watu wengi. Huko Ukraine barabara za kupeleka mahitaji zimefunikwa kwa nyavu kilomita nyingi, zikiwemo nyavu kuukuu za wavuvi wa Brittany, Ufaransa. Propela inanasa, droni inaning'inia au inalipuka mbali na mtu. Sisi tuna maziwa na wavuvi; nyavu zilizochakaa si kitu cha kuagiza ng'ambo. Tatizo ni matunzo, kwa sababu tundu moja linatosha kwa mwongozaji mwenye ujuzi, na upepo na matawi hufungua matundu kila siku. Nani anakagua? Usipomtaja kwa jina kwenye zamu, hakuna.

Mtambo wa kuvuruga mawimbi. Ndio unaopendwa na wanunuzi, kwa sababu una taa na antena na unapendeza kwenye maonyesho. Nauheshimu, ila nauweka nyuma. Unakata mawasiliano ya redio kati ya mwongozaji na droni, kama masafa yanalingana na yale yanayotumiwa siku hiyo, nayo hubadilishwa kila mara. Unakula betri. Unatoa mawimbi yake wenyewe, na adui mwenye vifaa anaweza kuyatafuta na kujua ulipo. Na tangu 2024 zimeenea droni zinazoongozwa kwa waya mwembamba wa faiba unaofunguka nyuma yake kwa kilomita kumi au zaidi. Hizo hazina redio ya kuvuruga, na huko Mali waasi wa Azawad nao wamezitumia. Lakini hoja yangu kubwa ni ya moyo. Mtambo uko mikononi mwa mtu mmoja. Wengine wote wanabaki watazamaji, wanaangalia taa, na siku ukishindwa wanagundua kwamba hawakufundishwa kitu kingine chochote.

Bunduki ya marisau, ile inayotawanya vijirisasi vingi kwa mpigo mmoja. Ukitazama kwenye karatasi ni kinga dhaifu: inafaa mita chache za mwisho, kama thelathini hadi hamsini, na anayeipiga ana sekunde moja au mbili. Haina maana yoyote kwa TB2. Hata hivyo majeshi yote mawili huko Ukraine yamezigawa kwa askari wa miguu, kwa kuwa wingu la marisau lina nafasi nzuri kuliko risasi moja ya AK dhidi ya kitu kidogo kinachopinda. Naipa daraja la juu kuliko wengi wanavyoipa. Mtu mwenye bunduki hiyo, aliyepiga nayo shabaha zinazoruka mpaka mkono ukazoea, akisikia mlio hajikunyati. Anainuka, anatafuta, anaita upande na kimo, mwenzake anageuka. Hofu inabaki, lakini ina kazi ya kufanya. Wanaoshughulika na msongo wa vita wamelisema hili kwa muda mrefu, kwamba kinachovunja zaidi ni hatari ambayo mtu hana la kuifanyia. Moja kwa kila seksheni si gharama ya kuogofya, ilhali mafunzo ndiyo ghali, kwa maana ya muda.

Vipokezi vidogo vya kugundua mawimbi ya droni vinasaidia, hasa kumpa mtu ruhusa ya kupumzika pale vinapokaa kimya. Tatizo ni pale vinapolia mchana kutwa kwa droni zinazopita mbali. Baada ya siku kadhaa watu huvizima. Na ile ya faiba haivilizi.

Zamu za kupumzika. Nimeliweka mwisho lakini kwenye bajeti ningeliweka pamoja na paa. Kila kikosi kiwe na shimo moja la kina kirefu, lililofunikwa vizuri kuliko yote, ambapo mtu analala saa sita bila kuwajibika kusikiliza chochote. Lindo la masikio liwe kazi ya wachache walioteuliwa, wanaobadilishana, wengine waambiwe waziwazi kwamba si kazi yao saa hiyo. Ukiacha kila mtu asikilize, hakuna anayelala na hakuna anayesikiliza vizuri. Na anayeanza kutetemeka au kunyamaza kupita kiasi ashughulikiwe hapohapo karibu na wenzake, mapema, akiambiwa kwamba atarudi kazini. Kanuni hiyo ilipatikana kwa gharama kubwa katika vita vya 1914 hadi 1918 na bado inasimama. Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, isiwe mahali pa kwanza anapoulizwa unajisikiaje.

Unakwenda wapi?

Chaguo linategemea nani ana nini.

Somalia, al-Shabaab hawana TB2. Droni kubwa za kule ni za serikali ya Somalia, za Waturuki na za Wamarekani. Kwa platuni yetu hatari ya ndege hizo ni kutotambuliwa na rafiki, na dawa yake ni mawasiliano na alama zilizokubaliwa. Kitu kidogo cha dukani, kwa upande mwingine, mtu yeyote mwenye pesa kidogo anaweza kukipata, na kaskazini, Puntland, ISIS wamekwisha kutumia droni zenye vilipuzi dhidi ya askari wa huko. Shambulio la Buulo Mareer la tarehe 26 Mei 2023, ambalo Rais Museveni alisema liliua askari wetu 54, lilikuja kwa magari ya mabomu na watu wa miguu. Lakini kambi ya namna ile, iliyokaa pamoja muda mrefu kwenye ardhi tambarare ya Shabelle ya Chini, ndiyo hasa inayoweza kuchunguzwa na kamera ndogo juu siku nyingi kabla: malindo mangapi, zamu inabadilika saa ngapi, silaha nzito iko kona gani. Huko ningenunua nyavu na marisau, ningejenga paa, na ningebadilisha saa za zamu bila mpangilio unaosomeka.

Ng'ambo ya mto Semliki, upande wa Kongo, mambo yanageuka kidogo. Tangu Operesheni Shujaa dhidi ya waasi wa ADF ianze Novemba 30, 2021, vijana wetu wanatembea kwenye msitu wa Ituri na miteremko ya Rwenzori. Miti mirefu ni paa la bure, mawimbi ya redio hufa upesi kwenye mabonde, na waya wa faiba hunasa matawini. Droni ndogo inapata tabu. Lakini msitu pia unameza sauti, na mvua juu ya majani inafunika mlio kabisa, hivyo lindo la masikio halitoshi. Maeneo ya hatari ni vivuko vya mito, barabara mpya zilizofunguliwa na tingatinga, na vijiji vilivyo wazi. CH-4 ziko huko, lakini ni za serikali ya Kongo, ambayo jeshi lake linafanya operesheni hiyo pamoja na letu. Hapo ningepunguza nyavu na kuongeza mazoezi ya kuvuka mahali pa wazi, wachache wachache, kwa kasi, na mtu wa marisau mbele na nyuma.

Kaskazini ndiko ningegeuza mpangilio wote. Vita vya Sudan vimejaa droni kubwa za pande zote mbili. Mei 2025 zilipiga hata Port Sudan, mbali kabisa na mapigano ya ardhini. Ikiwa kikosi chetu kitajikuta kimekaa karibu na adui mwenye ndege za daraja hilo, nyavu na marisau hazitamwokoa mtu. Kinachohitajika hapo ni rada na makombora ya kutungulia, mambo ya ngazi ya brigedi na wizara, na platuni inabaki na silaha zake mbili za zamani, sepeto na nidhamu ya moto wa jikoni.

Kwa familia zinazosubiri Kasese, Gulu au Mbarara, kuna tofauti moja ya kujua. Aliyeishi chini ya droni kubwa hurudi akiepuka mikusanyiko: hataki kukaa katikati ya watu msibani, anatafuta kiti cha ukutani, anatazama juu siku ikiwa haina wingu. Aliyeishi chini ya ndogo hurudi na masikio. Bodaboda ikivuma kwa mbali, feni ikianza kuzunguka, mashine ya kukata majani ya jirani ikiwaka, mwili wake unainama kabla hajafikiri. Usimcheke wala usimwambie hapa ni nyumbani kana kwamba hajui. Kabla ya kuwasha kitu chenye injini, mwambie. Na kama miezi imepita na bado halali usiku, apelekwe hospitali ya jeshi ya Bombo au Mbuya, au kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na mtu anayemwamini.

Kwa ofisa mwenye wiki sita na fedha za kununua kitu kimoja tu, ningeacha mtambo wa mawimbi dukani. Wiki mbili za kuchimba na kuezeka, mbili za marisau kwa shabaha zinazoruka, moja ya kubeba majeruhi usiku bila taa na bila kuongea, na moja ya zamu za usingizi zinazoendeshwa kama vile tayari wako huko, ofisa mwenyewe akiwa kwenye orodha ya wanaolala.